Akufukuzaye Hakwambii Toka

Karatasi ni mbili. Zote zimeshachapwa, na zote zina jina la mtu yuleyule.

Ya kwanza inasema kampuni imesitisha ajira yake kuanzia mwisho wa mwezi. Ya pili inasema yeye mwenyewe, kwa hiari yake, ameamua kuacha kazi. Ofisa utumishi anaisogeza hii ya pili mbele kidogo, anaweka kalamu juu yake, kisha anaeleza kwa upole kwamba ndiyo itakayomlindia jina. Mwajiri mwingine akipiga simu kuuliza, ataambiwa aliondoka vizuri. Stahiki zake zote zitakuwa tayari Ijumaa.

Mtu anasaini.

Miezi miwili baadaye amefika dirishani kuomba fao la kukosa ajira. Michango yake imetimia, kitambulisho kipo, akaunti ya benki ipo. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja kidogo kilichoandikwa "Sababu ya kuondoka kazini", na mwajiri alishakijaza zamani: kujiuzulu. Fao hakuna.

Mambo ya namna hii hutokea popote penye bima ya ukosefu wa ajira, yaani mfuko unaochangiwa kila mwezi ili umlipe anayepoteza kazi, na kwa wiki kadhaa sasa hayajanitoka kichwani. Ujanja wa mwajiri si habari mpya. Kinachonikera ni kwamba karatasi zile mbili zinaeleza tukio moja. Mshahara umekatika siku ileile, kodi ya nyumba inadaiwa tarehe ileile, na michango iliyokatwa haijapungua hata senti. Kilichobadilika ni neno tu.

Sasa bima hii inamkinga nani: aliyekosa kipato, au asiye na kosa?

## Kibubu hakiulizi sababu

Lalamiko linalosikika zaidi kuhusu bima hii ni hili: "Nimekatwa miaka 15 na sijawahi kuchukua chochote. Haki iko wapi?" Naliweka mwanzoni ili tulivuke upesi, maana anayelisema anaidhani bima ni kibubu.

Tupige hesabu. Mshahara ni 1,000 kwa mwezi, sarafu yoyote uipendayo. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1 na mwajiri anaongeza asilimia 1, kwa hiyo kila mwezi zinaingia 20. Fao ni nusu ya mshahara kwa miezi 6, yaani 3,000. Gawanya kwa 20 unapata miezi 150. Kipindi kimoja cha kukosa kazi kinameza michango ya miaka 12 na nusu. Aliyefanya kazi miaka 2 ametanguliza 480. Akilipwa fao lote, 2,520 zimetoka kwa wenzake. Na yule wa miaka 15 asiyechukua kitu ndiye mmoja wa hao wenzake. Ni kama aliyeikatia nyumba bima ya moto: nyumba yake haikuungua.

Ukiitazama kwa upande wa mfuko, wachangiaji 25 wanaleta 500 kwa mwezi, na hiyo ndiyo nusu mshahara ya mpokeaji mmoja. Wakishuka hadi 20 kwa kila mpokeaji zinaingia 400, na pengo la 100 linatokea kila mwezi kwa kila mpokeaji, kabla hujalipa umeme wa ofisi. Ndiyo maana mfuko wenye akili hulimbikiza miaka ya neema. Ndiyo maana pia wanasiasa huutamani miaka hiyohiyo.

Tofauti ya kibubu na bima Tanzania iliipitia kwa kelele nyingi. Mfumo wake ulianza kama mfuko wa akiba mwaka 1964, na wanachama walizoea kuchukua michango yao kazi inapoisha, kwa jina la fao la kujitoa. Mwaka 2012 sheria ilipojaribu kulifuta, wafanyakazi walikuja juu. Mwaka 2018 likaingia fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Wengi waliona wamepunjwa, na kwa macho ya kibubu walikuwa sahihi kabisa. Kibubu ni chako. Ukikivunja leo hakuna anayekuuliza kwa nini.

Bima lazima iulize. Fedha si yako mpaka tukio litokee, na tukio lazima lithibitishwe na mtu.

Matatizo yote ninayoyajua ya bima hii yanaanzia kwa huyo "mtu".

## Kwa nini serikali ndiyo ibebe

Hapa sitakaa sana. Mji wa St. Gallen, Uswisi, ulianzisha bima ya lazima mwaka 1895, na kufikia 1897 ulikuwa umeivunja. Wenye kazi za uhakika hawakuona sababu ya kuwalipia wenye kazi za kubahatisha, wakalalamika hadi mpango ukafa. Mpango wa hiari una shida hiyohiyo kwa njia nyingine: anayejiunga haraka ni yule anayenusa kwamba kiwanda chake kinayumba. Wenye hatari ndogo hukaa nje, michango inapanda, na waliobaki ni wenye hatari kubwa watupu.

Halafu kuna jambo ambalo bima ya gari haina. Magari hayagongani yote siku moja. Kazi hupotea kwa mkupuo, na kampuni binafsi ikilikuta wimbi hilo na akiba ya kawaida tu, inafilisika siku ileile wateja wake wanapoihitaji. Serikali inaweza kukopa ikalipa. Na fedha hiyo ikiingia mifukoni mwa watu wakati mbaya, dukani kunabaki na wateja, na muuza duka naye habaki bila kazi. Bima hii ina kazi hiyo ya pili ambayo aliyekatwa haioni kwenye hati yake ya mshahara.

## Churchill na mlevi

Kwenye swali la kosa, aliyenishtua ni Winston Churchill. Mwaka 1909, akiwa waziri wa biashara wa Uingereza, alikuwa anapanga na maofisa wake bima ya kwanza ya taifa ya ukosefu wa ajira. Maofisa walitaka sheria imnyime fao aliyefukuzwa kwa makosa yake mwenyewe, mfano ulevi. Churchill alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu amelipa, amepoteza kazi, basi alipwe, awe mlevi asiwe mlevi. Hakupenda kuchanganya maadili na hesabu.

Wala hakuwa anawahurumia walevi. Aliona kwamba hesabu yenyewe inatosha kuwa mlinzi. Sheria ya 1911 ilipopita iliweka kanuni ya wiki 1 ya fao kwa kila michango 5 ya wiki, ukomo wa wiki 15 ndani ya miezi 12, na wiki moja ya kungoja kabla ya malipo ya kwanza. Fao lilikuwa shilingi 7 kwa wiki; mfanyakazi alitoa peni 2 na nusu, mwajiri kiasi hichohicho, serikali ikaongeza chake. Waliohusika ni wafanyakazi kama milioni 2 na robo wa kazi zinazoyumba kama ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi wa mitambo.

Hebu itazame kanuni ya 1 kwa 5 jinsi inavyofanya kazi. Mzembe anayejifukuzisha ili apumzike anakula wiki zake mwenyewe. Akishazimaliza, hana cha kula mpaka arudi kuchanga. Hakuna haja ya kumchunguza wala kumwita shahidi. Mlango unajifunga wenyewe.

Lakini Churchill alishindwa. Sheria ilimnyima fao kwa wiki 6 aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu au aliyeacha kazi bila sababu ya haki. Maadili yaliingia, na kwa kuwa hesabu haiwezi kupima maadili, kikaja kisanduku cha "sababu".

Nchi baada ya nchi zimekirithi. Ujerumani, anayeacha kazi mwenyewe bila sababu nzito hufungiwa fao kwa wiki 12, na muda wake wote wa fao hupunguzwa kwa angalau robo. Kanada kuanzia 1993 ilikwenda mbali zaidi: kuacha bila sababu ya haki ni kukosa kabisa. Afrika Kusini ina utaratibu unaoumiza kichwa. Aliyefukuzwa, hata kwa kosa, anaweza kudai, aliyejiuzulu hawezi. Aliyeiba akafukuzwa anapata, na aliyeona wizi ukifanyika, akakataa kushiriki, akaandika barua ya kuondoka, anaondoka mikono mitupu.

Niliporudia kusoma kifungu hicho nilidhani nimekisoma vibaya. Sikukisoma vibaya. Wanaokitetea wana hoja: mwajiri akivunja mkataba, tukio liko wazi na halina ubishi, na kuhukumu kosa si kazi ya mfuko wa bima. Yaani wameamua kama Churchill kwa mlango mmoja, na kinyume chake kwa mlango wa pili.

## Kalamu iko mkononi mwa nani

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Anakubadilishia zamu. Anakupunguzia saa za kazi mpaka nauli inashinda posho. Anakuhamishia kituo cha mbali. Ukiandika barua ya kuondoka, kisheria hakuna aliyekufukuza.

Sheria nyingi zinalijua hilo, na zina kipengele cha kujiuzulu kwa kulazimishwa. Kwenye karatasi ni kinga nzuri. Kwenye dirisha la ofisi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia aliyejiuzulu, na ushahidi mwingi, kama ratiba za zamu, barua pepe na kumbukumbu za vikao, umebaki kwenye kompyuta ambayo nywila yake ilifungwa siku aliyoondoka.

Mwajiri ana faida gani akiandika "kujiuzulu"? Sehemu nyingi ana moja kubwa, nayo ni kukwepa fidia ya kuachisha kazi. Marekani ana mbili, na hii ya pili ndiyo iliyogeuza mawazo yangu.

Kule, kodi ya bima hii kwa sehemu kubwa hulipwa na mwajiri, na kiwango chake katika jimbo hutegemea historia yake: waliofukuzwa naye wakidai mafao mengi, kodi inapanda. Wisconsin, jimbo la kwanza kupitisha sheria hii mwaka 1932, liliijenga juu ya wazo hilo. Nililipenda. Kiwanda kinachofukuza ovyo kilipie uchafu wake. Kwa nini duka linalotunza watu wake lilipie kampuni inayoajiri na kumwaga kila msimu? Kwa haki kati ya mwajiri na mwajiri, sijaona wazo bora.

Lakini kila dai linalokubaliwa sasa ni gharama ya mwajiri. Njia nafuu ya kuipunguza si kuacha kufukuza. Ni kupinga madai. Zipo kampuni ambazo biashara yake ni hiyo: zinapokea taarifa za madai kwa niaba ya waajiri, zinayajibu, zinahudhuria vikao vya rufaa. Upande mmoja ni mtaalamu anayefanya hivyo kila siku. Upande wa pili ni mtu ambaye ndiyo kwanza anasikia neno "rufaa" kwa maana ya kwake.

Chombo kilichotengenezwa kuleta haki kati ya waajiri kimemfanya mwajiri kuwa mshitaki wa mfanyakazi wake wa zamani.

Jimbo la Michigan likaongeza mashine juu yake. Kati ya 2013 na 2015 mfumo wa kompyuta wa jimbo ulilinganisha taarifa za mwajiri na za mdai. Zikitofautiana, ulituma maswali, na jibu lisiporudi kwa wakati au lisipoeleweka ulitangaza udanganyifu. Watu kama 40,000 walishitakiwa kimakosa. Adhabu ilikuwa kurudisha fedha pamoja na faini ya mara nne yake. Jimbo lilipopitia maamuzi 22,000 hivi yaliyotolewa na mashine peke yake, asilimia 93 yalikuwa na makosa. Wengine barua zilitumwa kwenye akaunti za mtandaoni ambazo hawakuzifungua tena, kwa kuwa walishapata kazi na waliona mambo yameisha.

Mwajiri na mdai kutofautiana kuhusu sababu si dalili ya wizi. Ndiyo hali ya kawaida ya watu wawili walioachana.

## Nilipoyumba

Baada ya Michigan nilikuwa tayari kuandika: futeni kisanduku, lipeni wote. Sikuandika, kwa sababu mbili.

Kwanza, uongo huenda pande zote. Mtu aliyechoka anamwomba bosi wake amwandikie "kupunguzwa kazi", na bosi asiyegharamika anakubali. Au wanakubaliana kila mwaka: msimu mbovu ukifika anaachishwa, mfuko unamlisha miezi mitatu, biashara ikichangamka anaitwa. Hapo bima imegeuka ruzuku ya mshahara, na linaloilipia ni lile duka lililotunza watu wake.

Pili, tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba muda wa fao ukirefushwa, muda wa kukaa bila kazi nao hurefuka kiasi. Sehemu yake ni mtu kujivuta. Sehemu nyingine ni mtu kuwa na pumzi ya kukataa kazi isiyomfaa: fundi wa mitambo hajakimbilia kufagia wiki ya pili kwa sababu ya njaa. Wachumi wamebishana sana kuhusu ukubwa wa kila sehemu, na mimi naamini ya pili ni kubwa kuliko inavyosemwa. Ila siwezi kujifanya ile ya kwanza haipo.

Kwa hiyo kisanduku kibaki, lakini kipungukiwe nguvu. Wiki kadhaa za kungoja kwa aliyeacha mwenyewe naziona za haki. Anayepanga kuondoka ana nafasi ya kujiandaa. Kumnyima kabisa mtu aliyechanga miaka 10, kwa neno lililoandikwa na upande wenye maslahi, sikuoni hivyo.

Wafaransa wamelishika jambo hili mahali ambapo sikutegemea: kwenye kalenda. Tangu 2008 mwajiri na mwajiriwa wanaweza kuvunja mkataba kwa makubaliano, na mwajiriwa hapotezi haki ya fao. Baada ya kusaini, kila upande una siku 15 za kubadili mawazo, bila kutoa sababu. Baada ya hapo karatasi inakwenda kwa mamlaka ya kazi, nayo ina siku 15 za kazi za kuipitisha au kuikataa.

Zipo lawama kwamba kuna kujiuzulu kunakopitishwa humo kwa jina la makubaliano, na ni kweli. Lakini mrudishe yule mtu wa mwanzo mezani, umpe siku 15. Anaondoka na nakala, anampigia ndugu anayejua sheria, analala, anaamka. Upole wa ofisa utumishi unategemea kusaini kufanyike papo hapo.

## Walio nje ya foleni

Zaidi ya wanne kati ya kila watano wasio na kazi duniani hawapati fao lolote la namna hii. Kibarua, mjasiriamali wa barabarani, dereva wa programu ya simu: hawana hati ya mshahara, na bila hati hakuna mchango. Afrika Kusini iliwaingiza wafanyakazi wa majumbani mwaka 2003, na Marekani mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, iliwafungulia kwa muda waliojiajiri wenyewe. Inawezekana basi, pakiwa na nia. Shida ni kwamba kwa mtu asiye na mwajiri, "kupoteza kazi" huwezi kuliwekea tarehe, na kisanduku cha sababu hakina wa kukijaza. Pale serikali inapoziba pengo la mfuko kwa kodi, kibarua huyo ameshalipia kila aliponunua sukari.

## Kabla kalamu haijagusa karatasi

Ukiwekewa karatasi mbili, usisaini siku hiyo. Omba nakala zote. Saini ya kupokea barua si saini ya kukubali yaliyomo, lakini hiyo tofauti lazima iandikwe. Na "makubaliano ya pamoja" hayana maana moja kila mahali: Ufaransa hayakupotezei fao, Ujerumani yanaweza kuhesabiwa kama umeacha mwenyewe, wiki 12 zikaanza kukatika.

Usingoje kufukuzwa ndipo uangalie michango. Taarifa ya mwanachama iangaliwe walau kila miezi mitatu, kwa kuwa mwajiri anaweza kukata bila kupeleka, na pengo la miezi 4 lililogunduliwa ukiwa bado kazini ni kikao kimoja na mhasibu. Likigunduliwa baadaye ni kesi. Linganisha pia majina na tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho, herufi kwa herufi.

Jiandikishe mapema. Ujerumani, unatakiwa kujiandikisha kama mtafuta kazi miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha, au ndani ya siku 3 za kupata taarifa ikiwa muda ni mfupi zaidi. Kuchelewa hugharimu wiki moja ya fao. Wengi hungoja kiinua mgongo kiishe ndipo waende, na ndipo tarehe inapowapita.

Dai likikataliwa, kata rufaa ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua, ambazo mara nyingi ni chache kuliko unavyodhani. Na pale panapotakiwa kuthibitisha kila wiki kwamba bado huna kazi na unatafuta, endelea kuthibitisha hata baada ya kukataliwa. Watu huacha kwa hasira. Wanashinda rufaa baada ya miezi mitatu, kisha wanakuta wiki wasizothibitisha hazilipwi.

Na kwenye ile barua, juu ya saini, kwa mkono wako na tarehe ya siku hiyo: "Nimepokea nakala. Sijaomba kuacha kazi." Nafasi isipotosha, endelea pembeni mwa karatasi.